Walivyooka Piza Juu ya Jiwe Langu la Kuogea

Waliokuwa pale ni hawa. Mi mwenyewe, mwenye nyumba. Binti yangu wa mwisho, yule niliyemzaa nikiwa nimeshafikiri kazi ya kuzaa imeisha. Bwana yake, mukwe wangu, mtu wa malori, wa familia ya Waislamu waliotoka upande wa Maniema zamani wakafanya biashara yao hapa Kolwezi. Mtoto wao wa kwanza, msichana, ambaye ananiita kambo kama wajukuu wote wa huku wanavyowaita bibi zao. Na dada ya marehemu bwana yangu, ambaye tangu siku niliyoolewa hajataja jina langu hata mara moja. Ananiita "muke yetu", na mpaka leo, sisi wote wawili tumebaki na meno ya kuhesabia, mi bado ni muke yao.

Hao tu. Majina yao ninayo, na ya baba zao na mama zao, na ya kila aliyekaa mtaa wetu wa Musonoi tangu nilipofika. Ukinikalisha chini nitayataja mpaka uombe kwenda nyumbani. Siyaandiki kwa sababu wote wako hai, na wawili kati yao wana haya. Wa tatu alipaswa kuwa nayo.

Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na masista, ni kile cha misa. Watu nitawaacha waseme vile walivyosema: "njo" yao ni "ndio", "mbele" yao ni "kabla", na "nyuma" ni "baadaye".

Nianze na jiko. Lile jiko la umeme mukwe wangu ndiye aliyeniletea kutoka Kasumbalesa, kwenye lori, katikati ya magunia ya unga, limefungwa blanketi kama mgonjwa. Juu lina plaki za kupikia, chini lina furu, yaani lile tumbo lenye mlango wa kioo la kuokea mikate. Mi nilikuwa napikia juu tu. Ndani ya furu nilitunza masufuria, na sikuona ubaya.

Nisemayo hapa si kumchafua huyo kijana. Tangu alipomuoa binti yangu hakuna mtoto wangu wa kiume aliyenitunza kama yeye. Alikuwa ananiletea maji kila asubuhi, mabidoni ya njano yamejaa, bila kusubiri kuombwa. Na bukwe, ile heshima ya ukwe, aliushika vizuri. Kwetu, upande wa Dilolo, mukwe mwanaume na mama ya muke wake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono. Hawali wakitazamana. Yeye haingii ninapolala, haingii ninapooga, hashiki kitu kinachogusa mwili wangu. Kwao mambo haya hayako hivyo, lakini alipofundishwa alijifunza. Akija kwangu anachuchumaa, anaangalia chini, anasema, "Jambo mama," halafu anakaa barazani akiangalia barabara. Siku nyingine nilimhurumia shingo.

Sasa jiwe.

Jiwe langu mama yangu alilitoa kwenye kijito nyuma ya Kisenge, kule kwenye mgodi wa manganezi, baba yangu alikokuwa akifanya kazi. Nilipojifungua mtoto wa kwanza hapa Kolwezi mama alikuja kuniogesha, na jiwe akalileta kwa treni, juu ya mapaja, limefungwa kitenge, watu wa kwenye behewa wakimpisha wakidhani amebeba kichanga. Ni jeusi, pana kama sinia, nene kama kiganja cha mwanaume kikisimamishwa. Upande mmoja una vitundu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Huo ni wa visigino. Upande wa pili ni laini. Nililiweka bafuni, kile chumba cha tofali nyuma ya nyumba tunachokiita dushi, juu ya matofali. Juu yake nimeogesha watoto wangu wote, na huyo wa mwisho pia. Tangu magoti yalipokataa kuchuchumaa, nalikalia. Upande laini. Mnanielewa. Lile jiwe linaujua mwili wangu kuliko daktari.

Tulipohamishwa nyumba ya kwanza kwa sababu kuta zilipasuka, niliacha kabati, niliacha mlango mzuri wa mbao. Jiwe nililibeba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na mi nilikuwa nimeenda Manika kwenye misa ya wamama. Mjukuu wangu alikuwa amefaulu mtihani wake wa mwisho wa shule na akasema hataki kuku, hataki wali, anataka kuoka piza mwenyewe kwa kambo, kwa sababu kambo ana furu. Piza, kwa asiyejua, ni mkate mpana uliopakwa nyanya na kumwagiwa fromaji, yaani jibini, unaoliwa kwa mkono. Sina vita na piza. Aliisoma kwenye simu, akanisomea mi pia, na simu ikamwambia kwamba kwenye sahani ya bati mkate unabaki laini chini kama mgonjwa. Unahitaji jiwe pana, lipashwe moto ndani ya furu mpaka likasirike, ndipo unga uwekwe juu.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye kwa mjukuu na kwa wifi yangu, kila mmoja peke yake, na yalilingana.

Mama yake alicheka. "Mawe? Kolwezi tunakosa maji, tunakosa umeme, mawe hatuyakosi."

Baba yake akaenda kwa wachimbaji anaowabebea mizigo, akarudi na kipande kizuri chenye mishipa ya kijani. Binti yangu akakikataa. "Ile ni ya kuuzisha, haiko ya kukulia. Ukiipasha moto tutakula harufu ya mugodi." Hapo alisema vizuri, simnyimi sifa yake. Wakajaribu tofali la sakafu, la kung'aa, likavunjika mikononi kabla hata ya kufika jikoni. Saa zinakwenda, unga umeshaumuka, na umeme wetu mnaujua: unakuja kama mgeni mwenye gari nje linamsubiri.

Mukwe wangu akazunguka uwanja. Mlango wa dushi ulikuwa wazi. Alisimama nje, hakuingia, hilo nalishuhudia kwa sababu wifi yangu alikuwa amekaa pale akichambua mboga na alimwona. Akaita muke wake: "Mama ya batoto, na hii jiwe ya humu? Ni ya nani?"

Binti yangu alitoka jikoni, mikono ina unga mpaka viwiko. Alilitazama jiwe. Alitazama njia ninayorudia. Akasema, "Beba tu. Tutairudisha mbele mama hajarudi."

Akalibeba. Kifuani, kwa mikono miwili, maana ni zito.

Mjukuu akalisugua kwa sabuni ya unga na maji moto, halafu likaingia furu likiwa bado limelowa. Jiwe lililokunywa maji miaka yote ile. Hawajakaa sana, likalia. Paa. Huku Musonoi mlio kama huo hautushtui. Migodi inapasua baruti na sisi kila mtu anajua kazi yake, anakimbilia vikombe visianguke kabatini. Na wao wote walikimbilia vikombe. Wifi yangu ndiye aliyesema, "Leo Jumapili na bado banapasua?" Wakaendelea kukata vitunguu. Walipofungua furu wakakuta jiwe limeachia kona moja, kipande cha ukubwa wa mkate mdogo. Binti yangu akakitoa kwa kitambaa. Lililobaki lilikuwa zima, linawaka. Wakatandika unga.

Mi nilirudi na wewa, dereva wa pikipiki; alinishusha mlangoni, pikipiki yake ikanitimulia vumbi kwenye nguo ya misa. Niliingia na harufu ikanipokea, na kusema kweli ilikuwa harufu nzuri. Nikakaa ndani, karibu na mlango. Mukwe wangu alikuwa barazani na sahani yake, mgongo kwetu, kama desturi. Mjukuu akaniletea kipande kwenye sahani ya wageni. Nyanya, vitunguu, sardini, na juu yake ndakala, dagaa wa huku, zilizokaangwa.

"Onja, kambo."

Nikaonja. Nikatafunia upande wenye meno. Nikamaliza. Nikachukua kingine. Haya yote nayaandika ili mjue jinsi walivyoniacha nitembee mwenyewe mpaka ndani ya shimo.

Nikasema, "Chini imeiva vizuri. Jiwe gani hiyo mulipata?"

Wifi yangu akajifunika mdomo na kitenge. "Muke yetu, kula kwanza. Utauliza nyuma."

Kile kicheko nakijua tangu harusi yangu. Hakijawahi kuniletea jambo jema. Nikamtazama binti yangu. Akawa anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Ni mjukuu tu, ambaye hakujua lolote, aliyefungua mlango wa furu kwa furaha yake. "Ona, kambo. Ni ile ya mu dushi. Papa njo aliibeba. Niliisugua muzuri, usiogope."

Kutema sikuweza. Nilikuwa nimeshameza.

Mtashangaa swali langu la kwanza. Niliuliza, "Mulipikia upande gani?"

"Ule laini, kambo."

Barazani nikasikia sahani inawekwa chini, polepole, kama mtu anayeweka yai. Mukwe wangu alikuwa amesikia. Hakuelewa yote, lakini alielewa sauti yangu.

Wifi yangu akashindwa kujizuia. "Ukae, muke yetu. Miaka yote wewe njo unaikalia. Leo yenyewe imekukalia mu tumbo."

Nikatoka nyuma. Kwenye dushi matofali yalikuwa peke yake, na juu yake alama ya jiwe, nyeusi, ya unyevu. Nilisimama nikaitazama ile alama. Binti yangu akaja nyuma yangu, bado ana kitambaa mkononi.

"Mama, moto imechoma yote. Mikrobi hazibaki."

"Nani amekuambia mikrobi? Mi ninasema haya ya mutu."

"Bwana yangu si mutu ya kwetu. Ile mambo hajue."

"Yeye hajui. Wewe?"

Akakikunja kile kitambaa.

"Wewe uliogeshwa pale," nikamwambia. "Kitovu yako ilianguka pale. Uliona bwana yako anabeba ile kitu ku kifua yake, na ulijua ni nini."

"Umeme ilikuwa inataka kukatika, mama. Batu banangojea. Nilisema tutairudisha, hautajua."

Hilo ndilo lililoniua. Angesema, mama nilisahau, ningepiga kelele mpaka jioni na kesho tungekula bukari, ugali wetu, pamoja. Hakusahau. Alipima: haya ya mama yake upande huu, umeme upande ule. Umeme ukashinda. Na dawa yake ya heshima ilikuwa mi nisijue, kama vile heshima ni vumbi unalofagilia chini ya kitanda.

Tuliporudi ndani baraza lilikuwa tupu. Mukwe wangu alikuwa amevaa viatu na kusimama ng'ambo ya barabara, kichwa chini. Mjukuu alimfuata kumuuliza, akarudi analia. "Papa anasema haingie tena mpaka kambo aseme."

Na kweli hakuingia. Na mi singeweza kumwita. Hili ndilo watu wa leo hawataki kulisikia. Mwiko wa bukwe ukivunjika hauangalii kama ulivunjwa kwa ubaya au kwa ujinga. Kati yetu pamefungwa mpaka pafunguliwe. Singeweza kupokea kitu kutoka mkono wake. Asubuhi yake akatuma maji kwa mkono wa binti yake, mabidoni yale yale ya njano. Niliyarudisha yamejaa. Akatuma tena, nikarudisha tena. Nikaenda bombani mwenyewe na kindoo, na magoti yangu yalizungumza njia nzima. Lile jiko la umeme nalo, kwa kuwa ni zawadi yake, nililifunika kitambaa. Nikapikia mbabula yangu ya makaa, uwanjani, moshi machoni.

"Kambo, papa alikosa nini?" mjukuu aliniuliza siku moja, akipuliza moto badala yangu.

"Hakukosa. Njo maana inaniuma."

Nilimkosa mukwe wangu. Naandika hivyo na aliyesoma asome. Nilikosa lile "Jambo mama" la asubuhi. Nilimwona anapita na lori, anapunguza mwendo mbele ya nyumba, anashusha kichwa chini ya usukani kama mtu anayeokota kitu, halafu anakwenda. Nikafikiri, nitakufa na huyu mtoto akiwa bado barabarani, na atanizika kutoka ng'ambo.

Majirani wakaja na maneno yao. Mama, hayo ni ya zamani. Mama, jiwe ni jiwe. Mama, tuko wakati mwingine. Waliyasema hayo wakiwa wameshika simu, na kila simu imefungwa kwa namba ya siri. Muke hashiki simu ya bwana, bwana hashiki ya muke; mtoto akiigusa anapigwa. Hiyo si ya zamani, hiyo ni haki ya mtu. Mi simu yangu ni ya kitochi, haina siri yoyote. Kitu changu kisichoguswa kilikuwa jiwe, na wakaweka fromaji juu yake.

Yakapita majuma. Halafu siku moja mchana nikasikia "Hodi" kutoka barabarani, sauti ya mtu mzima. Ni baba mdogo wa mukwe wangu, mzee wa kofia, mfanyabiashara wa nguo pale sokoni. Nyuma yake mukwe wangu, macho chini, ameshika kuku jike miguuni.

Mzee akasema bila kuvuka, "Mama, sisi kwetu tunasema asiyejua hana kosa. Lakini kijana wetu hali, halali. Aliuliza wazee wa upande wenu kinachofanyika, wakamwambia kuku. Basi kuku ndiyo hii. Kama tumekosea namna ya kuileta, tuambie."

Namna waliikosea kidogo, lakini nani angewalaumu. Mi singeweza kupokea mwenyewe, kwa hiyo wifi yangu alivuka barabara, akamchukua kuku, akampima kwa mkono mbele ya watu wote. "Inakonda," alisema. "Inafanana na muke yetu." Mukwe wangu alitaka kucheka na akaogopa, nikaona mabega yake.

Nikajaza maji kwenye kikombe, nikampa wifi yangu ampelekee. Hiyo ndiyo njia: akinywa yote, pamefunguliwa. Alikunywa mpaka mwisho na akakigeuza kikombe juu chini, tuone. Halafu akavuka. Akachuchumaa pale pale pa zamani, akasema, "Jambo mama." Nikajibu. Sauti yangu haikutoka vizuri, na nikaulaumu moshi wa mbabula.

Lakini sikuwa nimemaliza.

"Na kuku ya pili iko wapi?" nikauliza.

Mzee wa kofia akamtazama mukwe wangu, mukwe wangu akamtazama mzee. "Kuku ya pili ya nani, mama?"

"Ya ule alijua."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yao. Aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Ni mtoto wangu, shingo yake ni yangu. Wifi yangu akasema, "Muke yetu, desturi haina kuku ya binti. Mukwe njo analipa. Binti halipe."

"Basi desturi ilisahau kitu," nikamwambia. "Iongezwe."

Hakuna aliyeongeza. Siku ile tulikula, mukwe barazani, mi ndani, maji yakarudi asubuhi zote. Na binti yangu akawa anakuja na kuondoka, anapika, anafua, na kati yetu hakuna neno ila la chumvi na la sabuni. Jiwe lenyewe lilibaki ndani ya furu. Lingeenda wapi? Kitu kilichopika chakula hakirudi kuoga. Nilimwambia mjukuu ni lake sasa, aoke mpaka achoke. Na mi nikaanza kusugua visigino kwa kile kitu cha plastiki wanachouza sokoni, chenye mchanga uliogandishwa, kinachokwisha kabla kisigino hakijajua kimeguswa. Na nilioga nimekaa juu ya kindoo kilichogeuzwa. Uzee wangu, juu ya ndoo.

Asubuhi moja binti yangu alikuja mapema, bila mtoto, bila bwana, na bila kuku. Alinikuta nimekaa kwenye kizingiti cha nyuma nikihangaika na ile plastiki. Akafungua pembe ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na ile kona iliyopasuka.

"Ilivunjika mbele hatujaweka unga," alisema. "Hii haikugusa chakula. Niliitunza."

Nikaigeuza mkononi. Upande mmoja laini, upande mmoja vitundu. Mahali ilipopasukia ni pa kijivu, papya, kama ndani ya mkate.

"Uliitunza tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na haukusema."

"Ulikuwa unaongea na mi?"

Akaichukua tena ile kona. Akachota maji, akakaa chini kwenye udongo na nguo yake nzuri, akaushika mguu wangu, akaanza kusugua kisigino, kwa nguvu, vile mama yangu alivyonisugua mi na vile mi nilivyomsugua yeye akilia. Mguu nilimwachia. Uso sikumpa bado. Niliangalia upande wa migodi kama mtu anayesubiri baruti, na nilipotoa mguu wa pili alisugua huo pia.

Kuku bado nadai.

Kama kuna nilipokosea, nyinyi mliokuwepo na mnaosoma, njooni mnirekebishe. Wifi yangu ataapa hakucheka. Mjukuu anaweza kusema ndakala zilikuwa kwenye piza ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza niliila haraka, labda ana haki. Dada yangu wa Kisenge, akisomewa hii, atasema kijito kilikuwa kingine na mama alilibeba jiwe begani. Nitapokea yote, nitafuta na kuandika upya. Ila juu ya nani alijua, msijisumbue kuja, isipokuwa mnaleta kuku.